Shingo Iliyopinda Haina Jini

Liko neno katika lugha yetu ambalo lapasa kutufundisha unyenyekevu. Neno hilo ni pepopunda. Mtu aliyeshikwa na ugonjwa huo hukaza taya, mgongo ukapinda kama upinde, na jina lenyewe lataja pepo. Lakini leo kila mama anayehudhuria kliniki ya wajawazito ajua kwamba pepopunda huletwa na vijidudu vipitavyo katika kidonda au katika kitovu cha mtoto mchanga, na kwamba chanjo humkinga yeye na mwanawe. Pepo ametoka katika ugonjwa. Amebaki katika jina tu.

Twaanza na neno hilo kwa sababu tumerudi majuzi kutoka Kisiwa cha Mafia, na huko tumeona ugonjwa mwingine ambao pepo bado hajatoka ndani yake. Tulivuka kutoka Nyamisati tukashuka Kilindoni, na katika matembezi yetu tulimkuta kijana mmoja ameketi barazani, kichwa kimegeuka kushoto kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka nyuma. Alipotaka kututazama aliweka kidole kimoja shavuni, na mara shingo ikanyooka. Alipokiondoa kidole, shingo ikarudi ilikokuwa.

"Shikamoo, mama," tulimwamkia mzazi wake.

"Marahaba, baba. Karibu."

Tulipouliza habari za kijana, mama alijibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi. "Huu mwaka wa tatu. Mtoto ameshikwa, baba. Tumempigia ngoma mara mbili, tumeweka rehani minazi kumi na miwili. Usiku akilala shingo hunyooka kabisa, hata ukimtazama utasema hana neno. Akiamka, mwenyewe yule amerudi."

Kijana mwenyewe alikuwa mvuvi. Wenziwe walikwisha kumtoa chomboni, baadhi yao wakisema amepagawa, na wengine wakisema anajifanya ili akwepe kazi. Kwani, walisema, mtu mwenye shingo mbovu kweli atainyoosha vipi kwa kidole kimoja? Mahali pamoja alipopelekwa kutibiwa alipewa vidonge vya maumivu, akaambiwa aende zake.

Ndugu wasomaji, mambo mawili yaliyowafanya watu wamshuku kijana yule, yaani shingo kunyooka usingizini na kunyooka kwa kuguswa shavu, ndiyo dalili ambazo daktari mwenye ujuzi huzitafuta. Ugonjwa huo una jina. Huitwa distonia. Nao una tiba. Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa urefu, maana kati ya ugonjwa wenye tiba na mgonjwa asiyetibiwa mara nyingi pana kitu kimoja tu, nacho ni kutojua.

Distonia si ugonjwa wa misuli yenyewe. Misuli ya mgonjwa ni mizima; bali amri inayotoka katika ubongo ndiyo iliyoharibika. Ndani kabisa ya ubongo mna viini vinavyosawazisha mwendo wa mwili, vikiruhusu msuli mmoja ukaze na kuuamuru mwenziwe ulegee. Viini hivyo vikikosea, misuli miwili inayopaswa kupokezana hukaza kwa pamoja, na kiungo hujipinda bila ya hiari ya mwenyewe. Kwa wengine ni shingo. Kwa wengine ni kope za macho, zikafumba mchana kweupe hata mtu mwenye macho mazima akahitaji kushikwa mkono. Kwa wengine ni koo, sauti ikakatika. Kwa watoto wengine huanza katika mguu mmoja na kuenea mwili mzima. Ugonjwa huu hauambukizi. Wala, kwa walio wengi, hauigusi akili ya mgonjwa, jambo linaloufanya uwe mchungu zaidi, maana asemwayo huyasikia yote.

Tusidhani kwamba ni sisi wa pwani peke yetu tuliokosea. Jina la distonia lilitungwa na mganga Mjerumani Hermann Oppenheim mwaka 1911, lakini kwa miaka mingi baadaye madaktari wa Ulaya na Marekani, pamoja na vyuo vyao vyote, waliwaambia wagonjwa hawa kwamba wana wasiwasi wa moyo. Waliwapeleka kwa wataalamu wa akili, nao hawakupona. Ilipofika miaka ya 1970 ndipo wataalamu kama David Marsden wa London walipothibitisha kwamba kope zinazofumba zenyewe na shingo zinazopinda ni maradhi ya ubongo. Mwaka 1997 ikagunduliwa mojawapo ya kasoro za urithi zinazoleta distonia ya utotoni. Basi aliyesema "jini" na aliyesema "wasiwasi" walikuwa katika ujinga mmoja. Walivaa nguo mbalimbali tu.

Sasa tuziangalie tiba, moja baada ya moja, kuanzia ile iliyo rahisi.

Ya kwanza ni tiba ya distonia inayoletwa na dawa. Ziko dawa za hospitali, kama haloperidoli wapewayo wagonjwa wa akili na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambazo kwa baadhi ya watu huleta distonia ya ghafla katika saa au siku chache za mwanzo. Shingo hupinda, macho hupanda juu yakabaki huko, ulimi hutoka nje, taya hujifunga. Vijana hupatwa zaidi. Fikirini, ndugu, jinsi tukio hilo linavyoonekana nyumbani usiku, kwa taa ya chemli au ya simu! Nani hatasema kwamba pepo amechukizwa na dawa za hospitali? Mgonjwa hutolewa hospitalini, dawa zake hutupwa, na ule ugonjwa wa kwanza humrudia kwa nguvu zaidi. Kumbe hali hiyo huondoka kwa sindano ya biperideni au ya prometazini, na mara nyingi mgonjwa hunyooka kabla ya saa moja kupita. Hapana tiba nyingi duniani zinazofanya kazi upesi namna hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo. Muuguzi wa zahanati akijua, mgonjwa amepona. Asipojua, familia imeanza safari ya miaka.

Ya pili ni tiba ya watoto. Daktari Masaya Segawa wa Japani alieleza, katika miaka ya 1970, aina ya distonia inayoanza utotoni, kwa kawaida mguuni. Mtoto huamka asubuhi akitembea vizuri kidogo, na kadiri jua linavyokwenda ndivyo miguu inavyopinda, hata jioni hawezi kusimama. Watoto kama hao wengi wamehesabiwa kuwa na ulemavu wa kuzaliwa usio na matumaini. Lakini mtoto mwenye ugonjwa huo akipewa levodopa, dawa ile ile ya ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, tena kwa kipimo kidogo, hutembea. Hatusemi kwamba kila mtoto mwenye miguu iliyopinda ana ugonjwa huo, ni wachache. Bali twasema kwamba njia ya kuwatambua ni nyepesi: kila mtoto mwenye distonia isiyojulikana chanzo chake apewe dawa hiyo kwa majaribio ya wiki chache, chini ya uangalizi wa daktari. Ikimfaa, ameokoka. Isipomfaa, hasara ni vidonge vichache.

Ya tatu ni vidonge kwa aina nyingine za distonia. Viko vidonge vya benzeksoli, ambavyo wauguzi wetu wa magonjwa ya akili wavijua kwa miaka mingi. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1986 lilionyesha kwamba dawa hiyo, ikianzwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa polepole, huwasaidia wengi wenye distonia. Watoto na vijana huivumilia kuliko wazee, ambao huweza kupatwa na usahaulifu, ukavu wa kinywa na uzito wa kukojoa. Pia kuna baklofeni na dawa za jamii ya diazepamu, ambazo hulegeza misuli kwa baadhi ya wagonjwa. Zote hizi hazing'oi mzizi wa ugonjwa; hupunguza makali yake. Lakini mvuvi ambaye makali yamepungua aweza kurudi chomboni, na hilo si jambo dogo.

Ya nne ndiyo tiba kubwa kwa shingo, kope, koo na mkono, nayo ni sindano ya sumu ya botulini. Msomaji asishtuke kusikia neno sumu. Sumu hiyo hutoka katika kijidudu kinachopatikana katika chakula kilichohifadhiwa vibaya, na kwa wingi wake huua. Daktari wa macho Alan Scott, wa San Francisco, alipokuwa akitafuta njia ya kunyoosha macho ya makengeza bila ya kisu, aligundua kwamba kiasi kidogo mno kikidungwa katika msuli unaokaza huulegeza msuli huo peke yake. Serikali ya Marekani iliiruhusu dawa hiyo mwaka 1989 kwa magonjwa ya macho na kope, na mwaka 2000 kwa shingo. Leo ndiyo tiba inayotangulizwa kwa kijana kama yule wa Kilindoni. Nafuu huanza katika siku chache hadi wiki mbili, nayo hudumu kadiri ya miezi mitatu; kisha sindano hurudiwa. Dawa yataka barafu njiani, yataka mkono uliofundishwa, na bei yake yapita uwezo wa mvuvi.

Ya tano ni upasuaji wa kutia nyaya nyembamba ndani ya ubongo, zikiendeshwa na betri iliyofichwa chini ya ngozi ya kifua. Marekani iliuruhusu kwa distonia mwaka 2003, na umewainua watoto waliokuwa wamelala chini kwa miaka. Lakini gharama yake ni kubwa sana, na betri hubadilishwa. Hatutaki kuwadanganya wananchi. Kwa watu wa Mafia tiba hiyo si ya kesho.

Tumezipanga tiba hizi kwa utaratibu huo kwa makusudi. Yuko mtu atakayesema, "Ninyi wa gazeti mwataka anasa. Kisiwa chenye haja ya kupambana na malaria na kuwaokoa akina mama wazazi, mwakitakia sindano za shingo?" Hoja hiyo ni nzito, na wenye kuisema si watu wabaya. Jibu letu ni hili. Katika tiba tano tulizozitaja, tatu za kwanza hazidai jengo jipya wala mashine mpya. Zadai vidonge na sindano zinazojulikana, na ujuzi kichwani mwa tabibu. Anayekataa tiba hizo tatu kwa sababu ya ughali wa ile ya tano, huyo haokoi fedha. Anaficha uvivu nyuma ya umaskini.

Tena twaulize, ni nani anayelipa sasa? Ugonjwa usiotibiwa haukosi gharama. Gharama yake hulipwa na mama kwa minazi yake. Huko Mafia mnazi ndio akiba ya mkulima, ndio ada ya mtoto shuleni na sanda ya mzee. Familia iliyoweka rehani minazi kumi na miwili imekwisha kulipia matibabu, ila haikupata matibabu.

Kisha tuhesabu nauli, maana hapo ndipo dhuluma ya bahari inapoonekana. Sindano ya botulini hurudiwa kila miezi mitatu, yaani mara nne kwa mwaka. Mgonjwa ambaye shingo haimtii hasafiri peke yake. Hufuatana na ndugu. Watu wawili, kwenda na kurudi, mara nne, ni nauli kumi na sita za baharini kwa mwaka, bado basi la kutoka Nyamisati mpaka Dar es Salaam, bado malazi, bado siku ambazo mtu hakuvua wala hakulima. Hata kama dawa ingetolewa bure, nauli peke yake ingemshinda. Lakini daktari mmoja akivuka mara nne kwa mwaka na kisanduku chake cha barafu, akawatibu wagonjwa wote wa kisiwa katika Hospitali ya Wilaya pale Kilindoni, nauli zile kumi na sita za kila mgonjwa zageuka kuwa nauli nane za mtu mmoja. Hii ni hesabu ya shule ya msingi. Yataka tu mtu wa kuifanya.

Wala si jambo geni katika nchi yetu kwamba ugonjwa ulioogopwa ukatiishwa na mtu mmoja mwenye nia. Huko Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikuta wenye kifafa wametengwa na jamaa zao, watu wakiogopa kuwagusa kwa kudhani huambukizwa. Alifungua kliniki, akawapa vidonge vya bei nafuu, akaendelea kuwafuatilia. Watu waliowekwa kando na dunia wakarudi kulima mashamba yao. Na katika wilaya ya Hai, watafiti walipozunguka nyumba kwa nyumba katika miaka ya 2000 wakiwatafuta wenye ugonjwa wa Parkinson, wengi wa wale waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Mafunzo ya Mahenge na ya Hai ni mamoja: wagonjwa wapo, ila hawajatafutwa.

Twataka sasa kusema neno kwa wafanyakazi, maana ugonjwa huu una tawi linalowahusu hasa. Iko distonia inayoshika kiungo kimoja kwa kazi moja tu. Karani hushika kalamu, na vidole vikajikunja vyenyewe. Akiiacha kalamu, mkono ule ule hula ugali na kufunga vifungo vya shati bila taabu. Fundi cherehani, mpiga zumari, mpiga kinanda, wote huweza kupatwa. Mganga Mwitaliano Bernardino Ramazzini, aliyeandika juu ya maradhi ya wafanyakazi, aliyaeleza mateso ya mikono ya waandishi mwaka 1713. Na mwaka 1908 Uingereza iliingiza mkakamao wa mikono ya wapiga telegrafu katika orodha ya maradhi ya kazi yanayostahili fidia. Mpiga kinanda mashuhuri wa Marekani, Leon Fleisher, alipoteza matumizi ya mkono wake wa kulia katika miaka ya 1960, akapiga kwa mkono wa kushoto miaka zaidi ya thelathini, hata alipopata sindano za botulini katika miaka ya 1990 ndipo akarudi kupiga kwa mikono miwili.

Karani wetu anayeshindwa kuandika huambiwa ni mvivu, au ni mlevi, au amerogwa na mwenzake anayetaka kiti chake. Twawaomba viongozi wa vyama vya wafanyakazi wasikubali maneno hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri amfanyie mtu huyo nafasi inayomfaa. Mara nyingine tiba ni kalamu nene, au mashine ya kuandikia, au kubadilishiwa zamu. Huyo hastahili barua ya kufukuzwa.

Pia twataka kusema neno juu ya waganga wa kienyeji, na tutalisema kwa adabu. Mafia ina mila zake za mapepo na majini, nazo ni za kale. Wageni wenye elimu wamekuja kuziandika, kama vile Pat Caplan wa Uingereza aliyeanza kazi yake kisiwani mwaka 1965. Hatuoni faida ya kuwatukana wazee wetu. Ngoma ile humkusanyia mgonjwa jamaa zake, ikamwambia kwamba hayuko peke yake, na hospitali zetu zingefanya vyema kujifunza jambo hilo. Lakini yako mambo mawili ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Moja ni kumpiga, kumchoma au kumfunga kamba mgonjwa ili pepo atoke. Huo ni ukatili, nao hauna udhuru katika mila yoyote. La pili ni kumchelewesha mtoto ambaye kidonge kingemsimamisha.

Na lugha yetu, kwa hekima yake, haikuwatenga watu hawa wawili. Yule wa kijijini twamwita mganga, na yule wa serikali, pale wilayani, twamwita Mganga Mkuu. Basi na wakutane! Mganga wa kijiji ndiye anayeuona ugonjwa kwanza. Akifundishwa kwamba shingo inayonyooka usingizini, na mtoto anayeharibika jioni, na mtu aliyepinda ghafla baada ya kunywa dawa, hawa wapelekwe Kilindoni, atakuwa amewatendea wagonjwa wake jema lisilosahaulika, wala heshima yake haitapungua.

Kinga nayo isisahauliwe. Wako watoto ambao distonia yao ilianzia siku za kwanza za maisha, ama kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ama kwa manjano makali yaliyopanda hadi kuudhuru ubongo. Manjano hayo hutibiwa kwa mwanga. Aliyeliona hilo kwanza hakuwa profesa. Alikuwa muuguzi, Sista Ward wa hospitali ya Rochford huko Uingereza, ambaye mwaka 1956 aliwatoa watoto wachanga juani na kuona kwamba ngozi iliyopigwa na jua ilipoteza umanjano. Leo hospitali hutumia taa ya buluu. Mama anayejifungulia Jibondo au Bweni, mtoto wake akiwa na manjano siku ya kwanza, au yakifika viganjani na nyayoni, asingoje. Na sisi tuhakikishe kwamba anapofika hospitali taa hiyo ipo na inawaka.

Sasa twataka nini? Twataka mambo matano, na kila moja lina mwenyewe.

Mganga Mkuu wa Wilaya ahakikishe kwamba kila zahanati inayotoa haloperidoli au metoklopramidi inayo pia prometazini, na ukutani pana karatasi moja ya kueleza la kufanya mgonjwa akipinda ghafla.

Bohari ya Dawa na hospitali ya Kilindoni zihakikishe kwamba benzeksoli na levodopa hazikauki, kwani kidonge kinachokuja miezi miwili na kukosekana miezi mitatu ni sawa na kutokuwapo.

Wizara ya Afya, pamoja na hospitali yetu kubwa ya Muhimbili, ipange safari ya daktari bingwa kuvuka bahari mara nne kwa mwaka. Mabingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu ni wachache mno nchini, na karibu wote wako mijini. Ndiyo sababu ya kuwatumia vizuri, wala si sababu ya kukata tamaa. Na kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, wanaopanga kitita cha matibabu wasiisahau shingo ya mvuvi.

Waajiri na vyama vya wafanyakazi wachunguze kabla ya kuadhibu.

Na sisi wanachama, pamoja na mabalozi wa mashina, tuwatafute wagonjwa waliofichwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Mafia watu 46,438. Hicho si kisiwa kikubwa kiasi cha kutojuana. Balozi ajuaye nani amekosa kulipa mchango hashindwi kujua ni nyumba gani yenye mtoto asiyetolewa nje. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini kilio hicho, jirani akijua na kunyamaza, ni chake pia.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alilitajia taifa maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Tumezoea kuwataja kama watu watatu wanaokuja kwa zamu. Katika baraza ile ya Kilindoni tuliwaona wameketi mkeka mmoja. Maradhi yalipinda shingo, ujinga ukakataa kuyaita kwa jina lake, na umaskini ukaja kuchukua minazi. Kumpiga mmoja na kuwaacha wawili ni kazi bure. Lakini yule wa katikati, ujinga, hana haja ya fedha nyingi ili ashindwe, naye akianguka wenziwe hupungukiwa na nguvu.

Tulipoaga, tulimwandikia mama jina la ugonjwa katika karatasi, kwa herufi kubwa, pamoja na maneno ya kumwonyesha daktari. Aliisoma polepole, akairudia. Kisha akauliza swali moja tu: "Kumbe wako na wengine?"

Wako, mama. Wako wengi, na katika nchi nyingi, na tiba ya baadhi yao iko umbali wa zahanati moja. Kazi ya kuifikisha tiba hiyo barazani kwako ni kazi yetu sote, nasi hatuna udhuru wa kusema kwamba hatukujua.